Rafiki, Mtaalamu au Wakili? Uhakiki wa Majina Tuliyowapa Watumishi wa Biashara wa Dola za Kigeni

Makala haya yanakusudia kuhakiki majina ambayo Kiswahili cha Tanzania kiliwapa watu waliotumwa na dola za kijamaa kushughulikia biashara na misaada nchini mwetu, tangu Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 hadi reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976. Majina hayo ni machache: mtaalamu, rafiki, ndugu, na kwa yule aliye mkubwa wao, balozi. Nitajaribu kuonyesha kwamba majina haya, ijapokuwa yalitolewa kwa nia njema, hayakuitaja kazi yenyewe ya wageni hao. Na kwamba lugha yetu ilikuwa na neno lililowafaa zaidi, nalo ni wakili. Asidhani msomaji kwamba huu ni ugomvi wa msamiati tu. Jina likikosewa, na hesabu hukosewa. Na historia yetu ya biashara na Mashariki ina hesabu nyingi ambazo hazijasomwa vizuri kwa Kiswahili.

Mfano wa kwanza nautoa nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Nduruma, katika tambarare zilizo chini ya Mlima Meru, upande wa Arusha. Reli ya TAZARA haipiti kwetu. Yatoka Dar es Salaam, yapita Mlimba, Makambako na Mbeya, yaishia Kapiri Mposhi nchini Zambia, mwendo wa kilomita 1,860. Hata hivyo, utotoni mwangu niliiona nyumbani kwa babu chupa ya chai ya Kichina, yenye maua mekundu, ambayo wazee waliiita "chupa ya reli". Sikufahamu maana ya jina hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima nikasoma habari za mkataba wenyewe. China ilikopesha Tanzania na Zambia yuan milioni 988 pasipo riba. Lakini mishahara ya vibarua na gharama nyingine za hapa nchini hazikulipwa kwa fedha za Kichina. China ilileta bidhaa kwa mkopo. Bidhaa zikauzwa madukani. Na mapato yake ndiyo yaliyolipa gharama hizo. Kwetu kazi hiyo iliangukia Shirika la Biashara la Serikali, lililojulikana kwa herufi STC, lililoundwa mwaka 1967 kutokana na makampuni yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha. Shirika hilo lilipovunjwa mwaka 1973, nafasi yake ikashikwa na makampuni ya mikoa, yaani RTC. Kwa hiyo mnunuzi wa Nduruma, aliponunua chupa au bakuli, alikuwa akimlipa kibarua wa Mlimba asiyemjua. Wazee walikuwa na haki kusema "chupa ya reli".

Walakini nilipowauliza ni nani aliyezileta bidhaa hizo, jibu lilikuwa moja tu: "Wataalamu." Hapo ndipo swali langu lilipoanza. Mtaalamu hupima ardhi, huchimba njia chini ya mlima, hufundisha kuendesha mtambo. Mtaalamu hachagui chupa za chai. Bila shaka yoyote walikuwapo, mjini Dar es Salaam, watu wengine walioketi na orodha za bidhaa na bei, wakijadiliana na maofisa wa STC kuhusu zipi zingenunuliwa na kwa kiasi gani. Watu hao hawakuwa na jina katika Kiswahili cha wazee wangu, wala hawana jina katika vitabu vyetu vingi.

Kabla ya kuyapima majina, yafaa tuwe na kipimo. Nakichukua katika historia ya Wameru wenyewe. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati huo, lakini hakuna aliyekuwa na shaka juu ya cheo cha Kirilo: alikuwa mjumbe. Tukilichunguza neno hilo twaona kwamba latoa majibu kwa maswali matatu. Nani amemtuma? Amebeba nini? Na akirudi, atamjibu nani? Jina lolote la mtu aliyetumwa ng'ambo lapaswa kupimwa kwa maswali hayo. Jina lisiloweza kujibu hata moja ni jina la adabu tu.

Sasa natoka Meru na kwenda mbali kidogo, kwa kuwa jambo hili lilijaribiwa kwanza mahali pengine, nako ni China yenyewe, wakati Wachina walipokuwa wenyeji na Warusi walipokuwa wageni. Tangu sheria ya Aprili 1918, biashara ya nje ya Urusi ya Kisovieti ilikuwa mali ya dola peke yake. Haikuwezekana kwa mfanyabiashara binafsi kwenda ng'ambo kuuza au kununua. Alikwenda mtumishi wa serikali, naye aliitwa kwa neno la mkato "torgpred", ambalo lilipofunguliwa lilikuwa na maana ya mwakilishi wa biashara. Baada ya mkataba wa Februari 14, 1950, Moscow iliikopesha Peking dola milioni 300 kwa riba ya asilimia 1, na katika miaka iliyofuata maelfu ya Warusi walikwenda China kufanya kazi. Wachina waliwaita "zhuanjia", yaani wataalamu, na taifa lao wakaliita "lao dage", yaani kaka mkubwa. Msomaji aangalie jina hili la pili. Katika Kichina, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, udugu una daraja. Kaka mkubwa ana haki ya kuamrisha na wajibu wa kusaidia, na mdogo hana budi kumsikiliza. Lilikuwa jina la mapenzi, na papo hapo lilikuwa jina la utii.

Majina hayo hayakudumu. Julai 1960, kwa sababu ya ugomvi wa vyama viwili juu ya mafundisho ya ujamaa na uongozi wake duniani, Moscow iliwaita nyumbani wataalamu wake wote. Kwa hesabu za Wachina, watu 1,390 waliondoka katika muda wa takriban mwezi mmoja, na mikataba 343 ikavunjwa. Viwanda vilibaki nusu, na michoro mingine ikaondoka pamoja na wenyewe. Agosti 1966, katika siku za mwanzo za Mapinduzi ya Utamaduni, barabara iliyo mbele ya ubalozi wa Kisovieti mjini Peking ilibadilishwa jina, ikaitwa Barabara ya Kuwapinga Warekebishaji. Maana warekebishaji ndilo jina walilopewa Warusi kwa kudaiwa kuwa wameyageuza mafundisho ya Lenin. Mapema mwaka 1967 ubalozi huo ulizingirwa na makundi ya vijana kwa siku nyingi, na wake na watoto wa watumishi wake wakarudishwa kwao kwa ndege.

Basi, ndani ya miaka kumi, kaka mkubwa alikuwa amekuwa adui. Je, mwakilishi wa biashara alikuwa amekuwa nini? Alibaki mwakilishi wa biashara. Uhusiano wa kibalozi haukukatwa. Biashara ya nchi hizo mbili, iliyopata kuzidi rubli bilioni 1.8 mwaka 1959, ilianguka hata ikawa chini ya milioni 50 mwaka 1970. Lakini haikufika sifuri, na kwa hiyo alikuwapo mtu wa kuitia sahihi. Hapa naona funzo kubwa kwa mwanafunzi wa lugha. Majina ya mapenzi yalivunjika kwa sababu yalitegemea hali ya moyo wa wakubwa. Jina la kazi halikuvunjika, kwa sababu lilikuwa kweli siku ya arusi na lilikuwa kweli siku ya ugomvi.

Nikirudi pwani yetu, naona kwamba lugha ya Kiswahili haikuwa na umaskini wa majina ya namna hiyo. Chukua neno balozi. Asili yake, kwa kupitia Kituruki na Kiarabu, ni jina walilolitumia watu wa Venice kwa mwakilishi wao mjini Konstantinopoli, mtu aliyesimamia mambo ya dola yake na ya wafanyabiashara wake kwa pamoja. Lilipofika Zanzibar halikuwa limepoteza maana hiyo. Balozi wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mfanyabiashara kutoka Salem; alikuwa na bendera juu ya paa na pembe za ndovu katika ghala, na hakuna aliyeona ajabu. Neno wakili nalo lilikuwa likitumika kwa mtu aliyewekwa na tajiri mahali asipokuwapo tajiri mwenyewe, auze, anunue, adai na alipe kwa jina lake. Kutokana na neno hilo tukapata kuwakilisha na mwakilishi. Kwa hiyo lile neno refu la Kirusi, likifasiriwa kwa Kiswahili safi, larudi katika neno ambalo pwani ililizoea kabla ya Moscow kulihitaji.

Ni nini basi kilichotufanya tuyaache maneno hayo? Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika karne ya 20 maana zake zilihama. Wakili akawa mtu wa mahakamani. Balozi akapanda akawa mtu wa siasa za kimataifa, na papo hapo akashuka akawa jirani yetu, kiongozi wa nyumba kumi, kwa utaratibu ulioletwa na TANU katika miaka ya 1960. Ya pili ni kwamba wageni waliofika baada ya mwaka 1964 walikuja wakiwa wamekwisha kujipa majina. Katika ziara yake ya Afrika mwaka huo, Waziri Mkuu Zhou Enlai alitangaza kanuni 8 za misaada ya China, mojawapo ikiwa kwamba wataalamu wa China waishi kwa hali ile ile ya wataalamu wenyeji, wasidai starehe za pekee. Kanuni hiyo ilikuwa njema, na twajua kwamba wengi waliitimiza. Lakini msomaji ataona kwamba neno ni lile lile "zhuanjia" ambalo miaka michache nyuma Wachina walikuwa wakiwaita Warusi. Neno lilihama pamoja na kazi: aliyekuwa mwenyeji wa wataalamu akawa mtaalamu katika nchi ya wengine. Kiswahili kililifasiri tu.

Neno la pili, rafiki, lilikuja kwa mkataba. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, na Februari 20 mkataba wa urafiki ukatiwa sahihi. Juni mwaka huo Zhou Enlai akafika Dar es Salaam. Kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968 kikaitwa Urafiki, na mtaa wa jirani nao wajulikana hivyo. Ama ndugu, lilikuwa neno la Azimio, tulilomwita kila mwananchi na kila mgeni aliyekuwa upande wetu. Nalo kwa bahati njema halina daraja kama lile la kaka mkubwa. Katika hilo naliona Kiswahili kilikuwa na hekima kuliko Kichina.

Lakini tukiyapima maneno haya kwa maswali matatu ya Meru, yashindwa. Mtaalamu hueleza alichojifunza mtu, wala hasemi nani amemtuma. Rafiki hueleza moyo wake kwetu. Na hapa pana jambo la sarufi ambalo si dogo. Rafiki ni neno la watu wawili. Nikisema "huyu ni rafiki yangu", maana imetimia. Naye aweza kusema vivyo hivyo juu yangu. Wakili ni neno la watu watatu: mimi ninayeongea naye, yeye mwenyewe, na mtu wa tatu asiyekuwapo. Nikisema "huyu ni wakili", msikilizaji hana budi kuuliza: wa nani? Swali hilo laingia lenyewe, limo ndani ya neno. Rafiki halileti swali hilo, na ndiyo maana hatukuuliza.

Laiti tungaliuliza mwaka 1967. Katika mwaka huo mtu wa tatu, yaani Peking, alikuwa akitikisika. China iliwaita nyumbani mabalozi wake wote duniani, akabaki mmoja tu mjini Cairo, na aliyekuwa Dar es Salaam akawa miongoni mwa walioitwa. Juni, Kenya ikamfukuza kaimu balozi wa China aliyekuwa Nairobi. Agosti 22, ofisi ya Waingereza mjini Peking ikachomwa moto. Na mnamo Septemba 5, wiki mbili tu baada ya moto huo, katika mji huo huo, wajumbe wa Tanzania na Zambia walitia sahihi mkataba wa kujenga reli. Sijui tukio jingine katika historia yetu ya biashara lililo la ajabu kuliko hilo: dola iliyokuwa ikiwazingira wageni wengine katika nyumba zao ilikuwa ikiahidi kazi kubwa kuliko zote ilizopata kufanya ng'ambo, nayo ikaitimiza.

Fikiria sasa hali ya mtumishi wa biashara wa China aliyekuwa Dar es Salaam mwaka huo. Balozi wake ameondoka, na mabalozi wapya hawakuanza kutumwa tena duniani mpaka katikati ya mwaka 1969. Nyumbani kwake, kufahamiana na watu wa nje, au kupata kusoma kwao, kulitosha kumtia mtu mashakani. Mbele yake wapo Watanzania wanaotaka bei, tarehe na idadi. Akilegeza bei, aweza kushtakiwa kwao kwa kupoteza mali ya umma. Akikaza, aweza kushtakiwa kwa kuharibu urafiki. Neno rafiki halikumsaidia mtu huyu hata kidogo. Lilimzidishia mzigo, maana lilimtaka awe na uso wa furaha wakati wote. Neno wakili lingalimstahi zaidi. Lingalisema: mtu huyu amesimama mahali pa mwingine, na miguu yake ni imara kadiri ya miguu ya yule aliyemtuma. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kwamba mjumbe hana hofu.

Wapo watakaosema kwamba naufanyia urafiki dhuluma. Kwamba mkopo usio na riba, kazi ya jasho ya miaka mitano, na makaburi ya Wachina yaliyopo Gongo la Mboto ni ushahidi wa kutosha kwamba neno rafiki lilikuwa la kweli. Nakubali ushahidi huo wote, wala sitaki neno hilo lifutwe. Tukilinganisha, Moscow iliitoza Peking riba mwaka 1950, na Peking haikututoza sisi. Tofauti hiyo yastahili kukumbukwa kwa shukrani. Ninachosema ni kwamba wakili aweza kuwa rafiki, na akabaki wakili. Lakini rafiki asiyetajwa kuwa ni wakili hana mahali pa kuwekea daftari. Mkopo usio na riba ni mkopo, na ulikuwa na muda wa kulipwa, miaka 30. Bidhaa zilizojaa madukani zilikuwa deni la taifa zima, na mapema miaka ya 1970 ziliifanya China kuwa miongoni mwa wauzaji wetu wakubwa kabisa. Mnunuzi wa Nduruma alishika deni hilo mkononi, akanywea chai, na hakuna aliyempa neno la kulitambua isipokuwa lile alilolitunga mwenyewe: chupa ya reli. Kwa maoni yangu, jina hilo la wazee lina elimu ya uchumi kuliko mtaalamu na rafiki kwa pamoja.

Upungufu huu waonekana pia katika vitabu. Kazi ya George Yu juu ya siasa ya China katika Tanzania, iliyotoka mwaka 1975, yazungumza juu ya dola mbili na mikataba yao. Kitabu cha Jamie Monson cha mwaka 2009 kimefanya jambo jema zaidi kwetu: kimewasikiliza wafanyakazi wa reli, wakulima na abiria wake, na kimeonyesha jinsi watu wa kawaida walivyoitumia reli kwa biashara zao ndogo ndogo. Lakini vitabu hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza, na maneno yenyewe ya Kiswahili, jinsi yalivyochaguliwa na yalivyoficha au kufichua, si kazi waliyojitwika waandishi wake. Kazi hiyo ni yetu. Si haki kuwalaumu wageni kwa kutoichimba lugha ambayo sisi wenyewe hatujaichimba.

Wala jambo hili halikuisha mwaka 1976. Katika miaka ya 1990 kiwanda cha Urafiki kilifanywa cha ubia, hisa nyingi zikawa upande wa China. Jina likabaki Urafiki, na rafiki akawa mwenye hisa. Septemba 2024, mjini Beijing, hati ya makubaliano juu ya kuifufua reli ya TAZARA ilitiwa sahihi mbele ya viongozi wa nchi tatu. Majina yaliyopo leo ni mapya: mwekezaji, mdau, mshirika wa maendeleo. Nayo nayapima kwa maswali yale yale. Mwekezaji husema alichobeba, hasemi nani amemtuma. Mdau hasemi lolote. Mshirika, kama rafiki, ni neno la watu wawili.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, waandishi wetu wa historia na wa habari walirudishe neno wakili wa biashara, au mwakilishi wa biashara, kwa kila mtu aliyetumwa na dola au na kampuni ya dola kununua, kuuza au kukopesha, na wasiliandike pasipo kumtaja aliyemtuma. Pili, wanafunzi wetu wa isimu wayakusanye maneno ya makarani wa bandari, wauzaji wa maduka ya RTC na wanunuzi wao, maadamu wengine wangali hai. Yumkini huko yapo majina mengine yaliyo na ukweli kama chupa ya reli, nasi hatujayaandika. Babu yangu hakuacha maandishi. Aliacha chupa hiyo, na kifuniko chake kimekwisha kupotea.